Mgao wa Umeme Hausimamishi Kazi ya Bunge

Kila mgao wa umeme unapoingia nchini Tanzania, maneno ni yale yale kuanzia vijiweni hadi redioni: wabunge waache miswada yao, watuletee umeme kwanza. Yalisemwa 2006 maji yalipopungua katika bwawa la Mtera, yakasemwa 2011, na yakarudi kwa nguvu Novemba 2023, pale miswada mitatu ya sheria za uchaguzi na vyama vya siasa iliposomwa kwa mara ya kwanza Dodoma huku gridi ya Taifa ikipungukiwa mamia ya megawati. Hasira hiyo naielewa. Fundi wa kuchomelea anayekaa mchana kutwa na geti la mteja alilolichomelea nusu, akisubiri umeme unaorudi saa nne usiku wakati majirani wanataka kulala, hana sababu ya kumpigia makofi mbunge anayesimama kuunga mkono hoja isiyomhusu. Lakini hoja zinazojengwa juu ya hasira hiyo si za kweli, na nchi hii imeshazilipia kwa dola. Nitazichukua moja moja.

Inayosikika zaidi ni hii: sheria haizalishi megawati.

Chukua ujumbe wa LUKU unaoupata ukinunua umeme, ule wenye tokeni ya tarakimu 20. Humo kuna VAT asilimia 18, kuna tozo ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, asilimia 1, kuna ya REA, wakala wa nishati vijijini, asilimia 3, na tangu 2021 kodi ya majengo nayo inakatwa humo humo. Kila mstari katika ujumbe huo ulianza kama muswada. Ile asilimia 3 ya REA inatokana na Sheria ya Nishati Vijijini ya 2005, na ndiyo mojawapo ya fedha zilizosimamisha nguzo katika vijiji ambavyo miaka 20 iliyopita vilikuwa na koroboi tu. Anayesema sheria haimgusi mtu wa kawaida aangalie kiasi alicholipa na uniti alizopata, kisha aulize tofauti ilikwenda wapi na kwa idhini ya nani.

Na megawati zenyewe? Sheria ya Umeme ya 2008 iliruhusu mzalishaji mdogo, wa chini ya megawati 1, kufanya kazi bila leseni, na katika miaka hiyo hiyo ukaandaliwa mkataba wa mfano wa kuliuzia shirika la umeme, TANESCO, umeme kwa miradi isiyozidi megawati 10. Mto Mwenga kule Mufindi ulikuwa ukishuka milima ile miaka yote. Mtambo wake wa megawati 4 ulianza kuzalisha 2012, ukahudumia mashamba ya chai na vijiji vya jirani, na ziada ikaingia kwenye gridi. Megawati 4 ni chache kwa Dar es Salaam. Kwa kijiji cha Mufindi ni mashine ya kusaga, ni friji ya chanjo. Afrika Kusini nao, wakiwa katikati ya mgao wao mbaya kuliko yote, walipandisha kikomo cha kuzalisha bila leseni kutoka megawati 1 hadi 100 mwaka 2021, kisha wakakiondoa kabisa. Ilikuwa mistari michache tu ya maandishi, na viwanda na migodi ikaanza kujijengea umeme wa jua.

Hoja ya pili ndiyo hatari zaidi, na hapa nitakaa. Inasema dharura haingoji mchakato: watu wako gizani, saini mkataba leo, mambo ya Bunge na kamati yatafuata.

Tulifanya hivyo mara mbili, na tunajua kilichotokea. Ukame wa miaka ya mwanzo ya 1990 ulipobana mabwawa, serikali ilikuwa na Sera ya Nishati ya 1992 iliyofungua mlango kwa wazalishaji binafsi, lakini sheria iliyokuwepo ya umeme ilikuwa ile ya zama za mkoloni, ambayo haikuwahi kufikiria mzalishaji wa aina hiyo. Mwaka 1995 ukasainiwa mkataba wa kununua umeme wa kampuni binafsi ya IPTL, wa miaka 20, wa megawati 100 za mafuta mazito, mtambo ukajengwa Tegeta. Mkataba huo uliitwa wa dharura. Ukazuka mgogoro juu ya aina ya mashine zilizofungwa na gharama zake, shauri likaenda hadi kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mtambo ukaanza kuzalisha kibiashara mwaka 2002. Miaka 7! Muswada ungeweza kusomwa mara zote tatu, kupita kwenye kamati, kurudishwa, kuandikwa upya na kusainiwa na Rais mara kadhaa katika muda huo.

Usuluhishi ule ulishusha gharama za mtambo kwa makumi ya mamilioni ya dola. Maana yake ni kwamba bei iliyokubaliwa gizani haikuwa bei yake. Na hata iliposhuka, muundo wa malipo ulibaki. TANESCO ililazimika kulipa gharama za uwekezaji kila mwezi, mtambo uwake usiwake, na mafuta juu yake. Ni sawa na kukodi lori likakaa uani kwako, unalilipia kila siku hata siku ambazo huna mzigo. Ugomvi juu ya malipo hayo ndio uliozaa akaunti ya Escrow iliyofunguliwa Benki Kuu mwaka 2006, fedha zake zikatolewa 2013, na Novemba 2014 Bunge likakesha na ripoti ya Kamati ya Hesabu za Serikali juu ya fedha hizo. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akajiuzulu, waziri mmoja akaondolewa, mwingine akaachia ngazi. Mtoto aliyezaliwa mwaka mkataba uliposainiwa alikuwa anakaribia miaka 20.

Mara ya pili ilikuwa 2006. Juni mwaka huo ukasainiwa mkataba wa megawati 100 na Richmond, kampuni iliyoshindwa kuwasha mitambo kwa wakati, na Desemba mkataba ukahamishiwa kampuni ya Dowans. Mvua zilinyesha kabla mitambo haijatoa ilichoahidi. Kamati Teule iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ilitoa ripoti yake Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu pamoja na mawaziri wawili. Mkataba ukavunjwa, na Novemba 2010 mahakama ya usuluhishi wa kibiashara ikaamua Dowans ilipwe kiasi kilichotajwa kuwa takriban shilingi bilioni 94. Tulilipia haraka, na umeme wenyewe haukuja kwa haraka.

Kwa hiyo anayesema hakuna muda wa sheria wakati wa mgao, namjibu kwamba mgao ndio wakati ambao muuzaji anajua huna pa kwenda. Hapo ndipo serikali inahitaji kifungu cha kumwonyesha: bei haizidi hapa, muda hauzidi hapa, mkataba unakwenda mezani Dodoma. Ofisa mwenye sheria mkononi anaweza kukataa. Asiye nayo ana simu ya mkubwa inayomuuliza taa zinawaka lini.

Wapo wanaokubali haya yote kisha wanakwenda upande wa pili: basi miswada iletwe kwa hati ya dharura, ipite wiki hiyo hiyo. Hawa nawapinga kwa nguvu ile ile. Julai 2015, wiki za mwisho za Bunge la Kumi, sheria tatu kubwa zililetwa kwa hati ya dharura: ya petroli, ya usimamizi wa mapato ya mafuta na gesi, na ya uwazi katika uchimbaji. Wabunge wa upinzani walipinga, wengi wakatolewa nje, na sheria zikapita siku chache kabla Bunge halijavunjwa. Hizi ni sheria za gesi itakayowahusu wajukuu wetu, na Mtwara ilikuwa imeshamwaga damu mwaka 2013 kwa sababu watu walihisi hawakusikilizwa juu ya bomba la gesi. Ikiwa kuna miswada iliyostahili wadau wa Mtwara na Lindi wakae na kamati kifungu kwa kifungu, ni hiyo. Na hati ile haikuongeza taa hata moja: Oktoba mwaka huo huo mitambo ya maji ilizimwa kwa sababu mabwawa yalikauka.

Wamarekani walijifunza hili mapema. Baada ya nchi za Kiarabu kuwawekea vikwazo vya mafuta mwaka 1973, Bunge lao lilipitisha Desemba sheria ya kusogeza saa mbele mwaka mzima ili kuokoa nishati. Ilianza Januari 6, 1974. Wazazi wakaona watoto wanakwenda shule gizani, na kufikia Oktoba ikarekebishwa. Sheria iliyokuja polepole, ya Desemba 1975, ndiyo iliyoanzisha akiba ya mafuta ya taifa ambayo bado ipo.

Hoja ya nne ina ukweli ndani yake: sheria zipo tele, tatizo ni utekelezaji. Ni kweli Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2004 ilikuwepo Richmond ilipopewa kazi, na haikuzuia. Hilo siwezi kulifunika. Lakini Kamati Teule ilisimama juu ya nini iliposema taratibu zilivunjwa? Juu ya sheria hiyo hiyo. Mwaka 1995 hapakuwa na kipimo cha namna hiyo kwa umeme wa kampuni binafsi, ndiyo maana ilituchukua karibu miaka 20 kuuliza maswali ambayo 2008 yaliulizwa ndani ya miezi michache. Sheria iliyovunjwa inaacha alama ya mvunjaji. Pasipo sheria, kinachobaki ni malalamiko.

Kuna wanaosema wabunge si wataalamu wa umeme, wawaachie wahandisi. Mkataba wa kuuziana umeme una kurasa chache za uhandisi na nyingi za fedha, nani anabeba hasara na nani anashtakiwa wapi. Hayo ni ya wenye fedha, yaani wapiga kura na wawakilishi wao.

Sasa turudi kwa ile miswada ya uchaguzi ya 2023. Ilionekana kama dharau, na huenda wakati uliochaguliwa haukufaa. Lakini Bunge halina mkono mmoja. Lina kamati za kudumu, ikiwamo inayoshughulikia nishati, na zinakaa sambamba. Kuzuia muswada wa uchaguzi kusingesogeza hata bolti moja pale mto Rufiji, ambako Bwawa la Julius Nyerere lilikuwa likijengwa. Tena tuwe wakweli juu ya kile mbunge anachoweza. Ibara ya 99 ya Katiba inamzuia kuleta mwenyewe muswada wa kutoza kodi au wa kutoa fedha Hazina. Hiyo ni kazi ya serikali. Kwa hiyo tunapomwambia mbunge alete umeme, tunamwomba kisicho mikononi mwake, na tunamvua kilichomo: swali, kura ya bajeti na muswada. Julai 2011 tuliona vikifanya kazi. Wabunge waliikataa kwa maneno makali bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaomba wiki tatu, na Agosti serikali ikarudi na mpango wa dharura wa umeme ambao Julai haukuwa na uzito huo. Bajeti hatimaye ni muswada. Wangekuwa wamefunga makabrasha kwa sababu kuna mgao, mpango ule ungedaiwa na nani?

La mwisho ni ushauri unaosikika kama busara: subirini mgao uishe, tutunge sheria kwa utulivu. Utulivu huo nimeutafuta katika historia yetu sikuuona. Sera ilikuja 1992, mkataba mbaya 1995, mwingine 2006, na Sheria ya Umeme ilipita 2008, miezi michache baada ya baraza la mawaziri kuvunjika kwa ajili ya Richmond. Mvua zikinyesha, hamu nayo inakauka. Leo Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115. Machi 2024 tulifikia hatua ya kuzima vituo vitano vya maji kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Hata hivyo mwaka uliofuata serikali ikaeleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa sababu ya upotevu wa njiani kutoka huko uzalishaji uliko. Na sehemu kubwa ya uwezo wetu sasa inategemea mto mmoja, katika nchi ambayo ukame umerudi 1994, 2006, 2011 na 2015.

Muswada ninaoudai ni mfupi. Mkataba wowote wa kununua umeme wa dharura uwekwe mezani bungeni, kurasa zote, ndani ya siku 30 tangu kusainiwa. Gharama za uwekezaji zisilipwe kwa mtambo ambao haujawaka. EWURA itoe maoni yake ya bei kwa maandishi kabla ya saini, na maoni hayo yachapishwe hata kama yamekataliwa. Aliyesaini kinyume awajibike kwa jina lake, asijifiche nyuma ya muhuri wa ofisi. Na mkataba wa dharura ufe wenyewe baada ya miezi 24, isipokuwa Bunge limeuhuisha kwa kura ya wazi, mbunge mmoja mmoja akiitwa jina.