Nyimbo za watoto wetu tuzitoe bure, lakini ziwe na lebo



Katika mkutano wetu wa mwisho wa wazazi kulizuka mabishano ambayo hayakwisha, maana muda wa ukumbi ulikwisha na mwenye funguo alikuwa ameshasimama mlangoni. Swali lilikuwa hili: zile nyimbo tisa ambazo watoto wa darasa langu walizirekodi majumbani muhula uliopita, tuziuze, tuzifungie kabatini, au tuzitoe bure kwa yeyote anayezitaka? Mimi nilisema tuzitoe bure. Baba mmoja akaniambia, "Mwalimu, kitu cha bure hakina heshima." Sikuwahi kumjibu. Namjibu hapa, na wewe uliyekaa kimya siku ile nakuomba unisikilize pia.

Nilikulia Tanga. Harusi ikipigwa taarabu mtaani kwetu, mwenye shughuli ndiye aliyewalipa wapigaji, na wageni hawakukatiwa tiketi. Aliyeguswa na wimbo aliinuka mwenyewe, akaenda kumtunza mwimbaji. Sisi watoto tuliosimama dirishani tulisikia bure mpaka usingizi ukatushinda, na hakuna aliyetufukuza. Je, mwimbaji yule alikosa heshima? Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema mcheza kwao hukata tiketi. Kwa hiyo muziki wa kusikilizwa bure si jambo geni kwetu, wala kumtunza aliyeimba vizuri si jambo geni.

Tukumbuke pia kwa nini muziki uliuzwa. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walitoka Unguja wakasafiri mpaka Bombay ili sauti zao ziingie kwenye santuri. Kampuni iliyowarekodi ilikuwa na mitambo, mafundi na gharama za safari, na lazima iuze ili fedha irudi. Sisi leo gharama yetu ni ipi? Simu tayari imo mfukoni. Programu ya Audacity ya kuhariri sauti hailipiwi hata senti moja. Tulichotumia ni muda wetu, na muda huo tuliutoa kwa kujitolea, kama tunavyotoa kila Jumamosi.

Wako waliosema tusubiri mpaka tupate fedha za studio, kwa sababu nyuma ya sauti za watoto mnasikika friji. Ni kweli, friji inasikika katika wimbo wa tatu, na friji hiyo ni yangu. Lakini sauti ya nyumbani si aibu. Mwaka 1982 Bruce Springsteen wa Marekani alirekodi nyimbo nyumbani kwake kwa mashine ndogo ya kaseti, akikusudia ziwe za mfano tu kwa bendi yake. Bendi ilipozipiga studio, hakuridhika. Ile kaseti ya nyumbani ndiyo iliyotolewa kuwa albamu ya Nebraska, na mpaka leo watu wanaisikiliza.

Friji ina dawa rahisi, tena huhitaji studio. Mpeleke mtoto chumba cha kulala chenye zulia na mapazia, maana jiko na bafu vina mwangwi. Tundika blanketi zito nyuma yake, au mwimbishe akiwa ameelekea kabati la nguo lililo wazi. Weka simu juu ya vitabu, kama shubiri moja na nusu kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Zima mtandao shangazi asije akapiga katikati ya ubeti. Rekodi mara tatu, chagua moja. Basi.

Na kuuza je? Tulishajaribu. Mwaka juzi tulichoma sidii hamsini tukaziuza pauni tano kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka. Zilizonunuliwa ni kumi na tisa. Nyingine bado zimo katika boksi chini ya ngazi nyumbani kwangu, na wengi wenu mliozinunua kwa kutuonea huruma hamna hata mashine ya kuzipigia. Kodi ya ukumbi haikulipwa na sidii. Ililipwa na sambusa.

Sasa linganisha na hili. Ninafanya kazi ya uuguzi, na mwenzangu mmoja wa zamu ya usiku ni mama kutoka Kongo. Mwanawe ana miaka sita na akisemeshwa Kiswahili anajibu Kiingereza. Mji wanaoishi hauna shule kama yetu. Nilimtumia kwa simu ule wimbo wangu wa viungo vya mwili, unaoanzia kichwani ukashuka mpaka vidole vya miguu. Baada ya wiki mbili akaniambia mtoto anauimba ndani ya gari kila asubuhi. Kisha akaniuliza kwa haya: maneno mawili matatu kwao husemwa vingine, je, anaweza kuyabadilisha na kumrekodia mwanawe upya? Nilifurahi kuliko siku niliyouza zile sidii kumi na tisa. Mama yule angeununua wimbo? Pengine. Lakini asingejua kwamba upo. Wako wazazi wengi kama yeye, na kila mwaka unaopita mtoto anazidi kukua nje ya lugha.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye neno la pili la kichwa cha habari hii, yaani lebo. Na hapa lazima nikiri kosa langu.

Kabla ya zile sidii, nilipakua mtandaoni midundo iliyoandikwa kuwa ni ya bure. Watoto wakaimba juu yake, nikaupakia wimbo kwenye mtandao wa video. Haukumaliza wiki. Nililetewa taarifa kwamba mdundo ule una mwenyewe, na sauti ya wimbo wetu ikazimwa. Niliporudi kusoma masharti nikaona kwamba ilikuwa bure kwa kufanyia mazoezi tu. Kuutoa kwa watu kulihitaji ruhusa ya kulipia. Sikuyasoma. Mtoto mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kwani tumeiba?" Swali hilo nimelibeba mpaka leo. Tukaurekodi tena kwa ndoo, vijiko na makofi, na hakuna aliyekuja kudai ndoo yangu.

Nilijifunza kwamba bure ya kusikiliza, bure ya kutumia na bure ya kubadilisha ni vitu vitatu tofauti. Wodini dawa isiyo na lebo haimfikii mgonjwa, hata iwe nzuri namna gani. Wimbo wa bure nao ni hivyohivyo. Usipoandika jina na ruhusa, mwenye nia njema ataogopa kuutumia, na mwenye nia mbaya ataufanya wake. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Lebo yenyewe haihitaji mwanasheria. Tangu mwaka 2002 zipo leseni za Creative Commons, ambazo mtu yeyote anaweza kuzitumia bila malipo. Unachagua masharti yako: nitajwe jina, usifanyie biashara, usibadilishe, au ukibadilisha toa kwa masharti yaleyale. Mimi ninapendekeza nyimbo za shule zitajwe jina, zisifanyiwe biashara na wengine, na ziruhusiwe kubadilishwa mradi toleo jipya nalo litolewe kwa masharti hayohayo. Hivyo mama wa Kongo hatahitaji kuniuliza kwa haya. Chini yake tuandike nani katunga, nani kamfundisha mtoto, na mwaka. Kama mtunzi hajulikani, tuseme ni wimbo wa jadi na tumtaje bibi au babu aliyetufundisha, akikubali.

Kuna mambo matatu ambayo waliopinga wako sahihi, nami ninayakubali. La kwanza, kati ya nyimbo tisa, mmoja ni wa kikundi maarufu cha taarabu. Si wetu, hatuwezi kuutolea ruhusa. Hapa Uingereza haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 70 baada ya kufa kwake. Huo tuuimbe darasani tu. La pili, watoto wasianikwe. Itoke sauti bila picha, jina la kwanza tu kama mzazi amekubali, na kila mzazi atie saini.

La tatu ni zito zaidi. Ruhusa ya leseni hizi ukishaitoa huwezi kuinyang'anya kwa aliyekwishaupokea wimbo. Wimbo mmoja umetungwa na kijana wetu wa miaka kumi na tano, anayeamka usiku kurekodi chumbani kwake na ana ndoto ya kuishi kwa muziki. Wake ni wake. Tumwulize yeye pamoja na wazazi wake, na akisema hapana, iwe hapana, bila kununiwa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, lakini moyo wenyewe lazima uwe wa mwenye mali. Mimi za kwangu mbili nimeshazitoa.

Na kodi ya ukumbi? Turudi harusini. Ipo mitandao ya muziki, Bandcamp ni mmojawapo, inayomruhusu msikilizaji kuchagua bei mwenyewe, hata sifuri. Asiye nacho achukue, mwenye nacho atutunze. Sambusa nazo ziendelee.

Jumamosi ijayo nitakuwa na fomu za ruhusa mezani karibu na chai. Ukikubali, tia saini. Ukikataa, njoo uniambie sababu, safari hii nitaomba funguo nibaki nazo mimi. Na kama mama au baba yako bado yupo na anaukumbuka wimbo wa kubembelezea mtoto, usingoje fomu. Mpigie leo, mwombe akuimbie, rekodi, na andika jina lake.

Mwalimu wa kujitolea, darasa la kati