Mashtaka ya Binti Juu ya Mwalimu wa Gari



Mzee mmoja wa mtaa wetu alitujia baada ya sala ya Alasiri, ameinamisha kichwa. Binti yake alikuwa akijifunza kuendesha gari, na siku ya saba akakataa kwenda, hali ya kuwa ada imekwisha lipwa yote. Mamake alipomdadisi sana ndipo aliposema: mwalimu kila akimwonyesha kutia gea humshika mkono, kisha mkono huo hushuka pajani; na alipomkataza akaambiwa kwamba mtihani wa leseni ni mgumu kwa wasiojua kushukuru. Mzee akatuuliza, "Maalim, si bora tunyamaze? Watu watasemaje?" Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulimjibu upesi kwamba sitara ni bora. Usiku ule hatukulala vyema, na leo twaandika kulirudi neno letu.

Wako wasemao kwamba binti hana mashahidi wanne, basi na anyamaze. Hao wamechanganya mambo mawili. Mashahidi wanne waliotajwa katika Suratin-Nur ni juu ya mtu awasingiziaye zinaa wanawake wenye kujihifadhi. Hukumu ile imekuja kuilinda heshima ya mwanamke. Vipi leo ifanywe kufuli ya kinywa chake? Binti huyu hakutaja zinaa. Ametaja mkono uliomgusa na neno aliloambiwa. Na katika Suratin-Nisaa, aya ya 148, Mwenyezi Mungu amechukia ubaya kutangazwa, lakini amemtoa aliyedhulumiwa. Hata Bibi Khawla binti Thaalaba alipomshtaki mumewe kwa Mtume (s.a.w.), shtaka lake lilisikiwa mbinguni, na sura ikaitwa kwa jadala yake.

Wala hatusemi mwalimu ahukumiwe kwa uvumi. Suratil-Hujurat yatuamrisha kuhakikisha habari. Lakini kuhakikisha ni kazi, na anyamazaye hakuifanya. Katika kisa cha Nabii Yusuf hapakuwa na aliyeona. Palitazamwa kanzu, imepasuliwa mbele au nyuma. Basi kanzu ya leo ni ujumbe wa simu aliotumiwa binti usiku, siku na saa ya somo, njia waliyopita, na wanafunzi wengine waliomkimbia mwalimu yuyo huyo. Hayo yaandikwe mapema, kwa maneno ya binti mwenyewe, na ujumbe usifutwe kwa hasira.

Kisha barua iende kwa mwenye chuo, nakala ibaki nyumbani. Akipuuza, hapa Kenya iko NTSA, mamlaka ya usalama wa barabarani, ambayo ndiyo iwapayo idhini walimu na vyuo vya udereva. Na penye kushikwa mwili ni polisi. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006, kifungu cha 23, yamhusu mwenye mamlaka ashikiliaye kumtaka asiyemridhia: kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Tusiridhike na ile sulhu ya barazani, ambapo mkosa huwaomba radhi wazee, wakanywa kahawa, na binti hakuulizwa neno.

Watu wengine huanza na swali, "Mbona alipanda peke yake?" Khalwa ni jambo tulilokatazwa, nasi twapenda nduguye akae kiti cha nyuma, au atafutwe mwalimu mwanamke akipatikana. Lakini kupanda peke yake si ruhusa ya kuguswa, na mwenye kuulizwa kwanza ni yule aliyenyoosha mkono.

Tulikwenda kwa mzee yule nyumbani kwake tukamwambia kwamba tulikosea. Barua ameiandika binti mwenyewe, kurasa mbili. Sisi tulisahihisha tarehe tu. Jumatatu aliipeleka chuoni, mamake yu pamoja naye, na babake nyuma yao.