Ndakaini: haya maji ni yetu ama ni yao?

Leo wacha niongee juu ya maji, maana huku mtaani kwetu mfereji ukikohoa hewa siku tatu, kila mtu anageuka mtaalamu wa mabwawa.

2017 naikumbuka vizuri. Mgao ulianza Januari, na mimi ndiye mathee alikuwa akinituma na mitungi kupanga foleni saa kumi alfajiri. Halafu 2018 mvua ya masika ikafurisha barabara za Nairobi mpaka magari yakakwama, na bado mgao ukaendelea! Watu walilaani kweli. Mvua yote hii, maji yako wapi?

Jibu ni kwamba mvua ya Nairobi haijazi bwawa la Nairobi. Bwawa la Ndakaini, ambalo pia huitwa Thika Dam, liko Gatanga, Murang'a, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye miteremko ya milima ya Aberdare. Mito ya Thika, Githika na Kayuyu ndiyo inayolijaza. Lilikamilika 1994, linabeba lita bilioni 70, na kwa miaka mingi ndilo limenywesha sehemu kubwa ya jiji. Maji yanateremka yenyewe hadi Ng'ethu, yanasafishwa, yanaenda Gigiri, ndipo yakufikie wewe. Kama Aberdare hakujanyesha, hata Nairobi igeuke ziwa, mfereji utakauka tu.

Kuna siku nilienda huko na marafiki. Pahali pazuri ajabu, vilima vya majani chai hadi ukingoni mwa maji. Watu huenda kutembea na kupiga picha, na 2004 ilianzishwa nusu marathoni ya kuzunguka bwawa ili kuhimiza utunzaji wa mazingira. Sasa mzee mmoja aliyekuwa akichuma chai akatuuliza kama tumekuja kuangalia maji yetu ama yao. Tulicheka, lakini hakuna aliyemjibu.

Swali la huyo mzee ndilo siasa yote ya Ndakaini. Mashamba ya watu yalichukuliwa ndipo bwawa lijengwe. Mwangi wa Iria akiwa gavana wa Murang'a alidai asilimia 25 ya mapato ya maji yanayouzwa Nairobi. Likaja na handaki la kilomita 11.8 la kuvuta maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati. 2015 marehemu Raila Odinga akaonya litaleta jangwa, serikali ikasema litachukua maji ya mafuriko tu.

Mimi naona Murang'a wana haki ya kulipwa, ingawa hiyo 25 tunaweza kuijadili. Mtu anayeacha kulima hadi mtoni na kulinda miti anafanya kazi, na kazi hulipwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Lakini na sisi Nairobi tujiangalie. Karibu nusu ya maji yaliyosafishwa hayalipiwi. Mengine yanavuja, mengine yanaibwa na kurudi kuuziwa sisi kwa mtungi. Kila siku tunaambiwa bwawa jipya, handaki jipya, na ndoo ni ileile iliyotoboka!

Hayo ni yangu. Wewe ungekubali bili ipande kidogo, hela ziende kule juu? Semeni hapa chini, matusi wekeni kando. Dakika zangu za saiba zimeisha.