Chama cha wazibua mishipa ya moyo: madai manne na majibu yake

Nchini Marekani, madaktari bingwa wanaotibu moyo kwa katheta, mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa mkono au wa paja bila kufungua kifua, wana chama chao kiitwacho SCAI. Hakikosi lawama. Tuzipime moja moja.

Dai la 1: Kipo ili kuwatafutia wanachama kazi.

Ni kweli kwamba SCAI hupigania malipo ya wanachama wake mbele ya serikali na kampuni za bima. Lakini mwaka 2009, pamoja na vyama vingine vya moyo, kilitoa vigezo vinavyoonyesha ni mgonjwa gani anafaa kuzibuliwa mshipa na nani aachwe atumie dawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la JAMA uliangalia wagonjwa ambao hali zao hazikuwa za dharura. Kati yao, tiba za kuzibua mishipa zilizohesabiwa kuwa hazifai zilishuka kutoka asilimia 26.2 mwaka 2010 hadi 13.3 mwaka 2014. Vigezo havikuleta mabadiliko hayo peke yake, kwani tangu 2007 utafiti wa COURAGE ulikuwa umetia shaka faida ya stenti, kibomba kidogo kinachoachwa ndani ya mshipa ili ubaki wazi, kwa wagonjwa ambao hali zao zimetulia. Hata hivyo, chama kinachosaka wateja tu hakiwapi wakaguzi rula ya kuwapimia wanachama wake.

Dai la 2: Kampuni za stenti ndizo zinazokiandikia miongozo.

Fedha za watengenezaji wa vifaa zimo kwenye mikutano ya taaluma hii, na kila mwongozo unastahili kusomwa kwa jicho kali. Tazama basi mwongozo wa mwaka 2021, uliotolewa na SCAI pamoja na vyama vingine viwili vya moyo vya Marekani, ACC na AHA. Ulizingatia matokeo ya ISCHEMIA, utafiti wa wagonjwa zaidi ya 5,000 uliogharimiwa na taasisi ya umma ya utafiti wa afya ya Marekani. Kwa wagonjwa wengi waliotulia, kukimbilia stenti au upasuaji hakukupunguza vifo kuliko kuanza na dawa. Stenti ilibaki na faida yake katika kupunguza maumivu ya kifua. Hitimisho la namna hiyo haliuzi stenti.

Mwongozo huohuo ulikuwa na mgogoro wake. Vyama viwili vya wapasuaji, AATS na STS, vilikataa kuuidhinisha, vikisema umeishusha hadhi tiba ya upasuaji isivyostahili. Hapo mkosoaji ana hoja ya kweli, ila ni hoja kuhusu ushahidi na namna ya kuupima, nayo ilijadiliwa hadharani.

Dai la 3: Daktari asiye mwanachama hana sifa.

Dai hili hukipa chama mamlaka ambayo hakina. Leseni ya udaktari hutolewa na bodi ya jimbo. Mtihani wa ubingwa wa tiba hizi husimamiwa na bodi nyingine, ABIM, tangu 1999. Herufi FSCAI baada ya jina ni heshima kutoka kwa wenzake katika fani. Mgonjwa aulize kwanza kuhusu ubingwa huo na idadi ya tiba ambazo daktari na hospitali yake hufanya kwa mwaka.

Dai la 4: Vyama vya moyo vipo tayari, hiki ni cha ziada.

SCAI kilianza mwaka 1976 chini ya Mason Sones na Melvin Judkins, waasisi wa upigaji picha wa mishipa ya moyo. Ilikuwa mwaka mmoja kabla Andreas Grüntzig hajazibua mshipa wa moyo kwa puto mjini Zurich. Kazi ya katheta ina maswali yake: mionzi inayompata daktari na mgonjwa, mshipa unaotoboka, mgonjwa anayezidiwa mezani. Mwaka 2019 SCAI kilitoa ngazi tano, A hadi E, za kupima ukali wa hali ambayo moyo unashindwa kusukuma damu ya kutosha mwilini. Kabla ya hapo, mgonjwa anayeanza kudhoofika na anayekata roho waliweza kuingizwa kwenye kundi moja, na tafiti zikawalinganisha kana kwamba wako sawa. Lugha hiyo ya pamoja ilihitaji watu wanaowaona wagonjwa hao usiku wa manane, katheta mkononi.

Kipimo cha haki kwa chama cha aina hii, popote kilipo, ni kimoja: ni mara ngapi kimewaambia wanachama wake waiache katheta pale ambapo kuitumia kungewalipa?