Dakika nzima, si nusu

Kupima mapigo na pumzi bila mashine hakujapitwa na wakati, hasa katika bonde la Kilombero. Mji wa Ifakara, bondeni humo, una Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na tangu 1961 wahudumu wa afya wamekuwa wakifundishwa mjini hapo. Lakini anayehitimu akapangiwa zahanati ya kijijini, tuseme upande wa Michenga, anaweza kukuta betri ya mashine imekufa na foleni ya wagonjwa imefika mlangoni.

Mapigo hutafutwa kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba, kwa kidole cha shahada na cha kati. Gumba halitumiki: lina mapigo yake, na mpimaji anaweza kujihesabu mwenyewe. Mtu mzima aliyetulia huwa na 60 hadi 100 kwa dakika.

Pumzi ndizo ngumu. Nguo ya mtoto hupandishwa kifua kionekane, kisha huhesabiwa dakika nzima, kwa kuwa pumzi za mtoto hazina mwendo sawa. Akilia, asubiriwe. Kwa mtoto anayekohoa, Shirika la Afya Duniani linahesabu pumzi 50 au zaidi kuwa za haraka akiwa na miezi 2 hadi 11. Kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 5, ni 40. Katika bonde lenye malaria, ambako kila homa hushukiwa kuwa malaria, hesabu hiyo ndiyo inayoibua nimonia iliyojificha.

Mwalimu mzuri huketi na mwanafunzi, wakahesabu kifua kimoja kimyakimya, ndipo kila mmoja akataja namba yake.