Kadi au Taslimu?

Ukiingia katika kliniki ya kulipia mjini Kampala, iwe Wandegeya, iwe Ntinda, iwe Kabalagala, aghalabu swali la kwanza utakaloulizwa na binti aliyeketi nyuma ya meza si unaumwa nini, wala homa ilianza lini, bali ni hili: kadi au taslimu? Tumelizoea swali hilo hata hatulisikii tena, kama vile akaaye kando ya barabara asivyozisikia tena bodaboda. Walakini mimi nimelitia moyoni tangu siku nilipompeleka binti wa ndugu yangu, mwenye homa ya siku mbili, katika kliniki moja ya mtaani kwetu, nikajibu kwamba tunayo kadi ya bima, na kabla ya saa mbili kupita akawa amepimwa malaria, amepimwa taifodi, amepimwa mkojo, ametundikiwa dripu ilhali alikuwa akinywa maji mwenyewe bila taabu, kisha tukatolewa na mfuko wa dawa ambazo nusu yake zilikuwa za kuua vijidudu ambavyo hakuna kipimo kilichoviona. Juma lililofuata mtoto wa jirani yangu alishikwa na homa kama ile, akapelekwa kliniki ile ile, na baba yake, fundi cherehani asiye na mwajiri wala kadi, akajibu taslimu: mtoto akapimwa malaria peke yake, akapewa vidonge vya kuteremsha homa, akarudi nyumbani. Wote wawili walipona kwa muda ule ule.

Naanza na kisa hiki kwa kuwa mzozo wa bima ya afya umerejea tena vinywani mwa watu, na kama ilivyo desturi yetu, umeshikwa kwa upande usio na mpini. Bunge la Kumi liliupitisha Muswada wa Mpango wa Taifa wa Bima ya Afya tarehe 31 Machi 2021. Haukutiwa saini, Bunge lile likamaliza muda wake, na muswada ukafa nalo. Kila unapotajwa kufufuliwa, watu hugombana kwa hoja zile zile: je, ni insafu mwajiriwa akatwe asilimia 4 ya mshahara wake na mwajiri atoe asilimia 1, kama muswada ulivyowasilishwa, je, mchuuzi wa soko la Owino ataipata wapi shilingi laki moja ya kulipa kila mwaka? Ni maswali halali. Lakini kubishana miaka nenda miaka rudi juu ya nani atie fedha sandukuni, bila kuuliza zitatoka sandukuni kwa njia gani, ni kujitayarisha kuteka maji kwa pakacha; na rai yangu, niiseme mapema ili msomaji asihangaike kuitafuta, ni kwamba mpango wowote wa bima utakaomlipa tabibu wa ngazi ya kwanza kwa kila kipimo, kila sindano na kila dripu, ni aheri usianzishwe kabisa.

Njia za kumlipa tabibu wa karibu na watu si nyingi. Aweza kulipwa mshahara, agonjwe mtu asigonjwe. Aweza kulipwa kwa kila kitendo, kama fundi wa viatu alipwavyo kwa kila kiraka. Aweza kupewa bakshishi juu ya ujira wake kwa kuwa amefikisha matokeo fulani, mathalani idadi ya wajawazito waliojifungulia kituoni. Au aweza kulipwa kwa kichwa, maana yake kila nyumba huchagua kituo chake na kuandikwa katika orodha yake, na kituo hupewa mwanzoni mwa mwaka kiasi maalumu kwa kila aliyeandikwa, mzima na mgonjwa, kisha hubeba dhima ya kuwatibu wote kwa fedha hizo.

Wako wanaosema tusihangaike, mshahara watosha, kwani tangu Machi 2001 ada zilipofutwa katika vituo vya serikali matibabu ni bure. Ni kweli kwamba baada ya kufutwa ada watu walifurika vituoni, na maskini ndio walionufaika zaidi. Lakini waliotazama hesabu za nyumba za watu baada ya hapo walikuta kwamba mzigo wa gharama kwa fakiri haukupungua kama ilivyotarajiwa, kwa kuwa dawa zilikuwa zikiisha kituoni, na mgonjwa aliyetibiwa bure akatumwa na karatasi kwenda kuinunua dawa dukani.  Mganga mkuu wa kituo cha daraja la tatu huletewa dawa zake katika sanduku lililokwisha pangwa na ghala la taifa, atake asitake. Wengine wanasifu bakshishi ya matokeo. Jaribio la namna hiyo lilifanywa hapa hapa Uganda kuanzia mwaka 2003, kwa mkono wa Benki ya Dunia, katika vituo vya mashirika ya dini vya wilaya tano, na bakshishi ile haikuleta tafauti ya maana. Basi hayo nayaacha.

Zimebaki njia mbili, na yenye wapenzi wengi miongoni mwa wenye kliniki na makampuni ya bima ni malipo kwa kila kitendo, na utetezi wake ni kwamba humfanya tabibu awe na bidii, na kwamba mgonjwa huona kwa macho yake alichokilipia. Sibishi. Bidii ipo, niliiona mwenyewe ikimtundikia mtoto dripu.

Tutazame kwa makini biashara hii ilivyo, maana haifanani na biashara nyingine yoyote. Ninaponunua matoke sokoni Nakasero naijua njaa yangu, nalijua fungu la ndizi, na fedha ni zangu. Nikiuziwa mabovu sirudi tena. Lakini katika chumba cha tabibu muuzaji ndiye anayenieleza ninahitaji nini, ndiye anayeniuzia, na ndiye anayeamua kama ninahitaji zaidi. Mimi mnunuzi sijui kitu, na kama nina kadi sina hata uchungu wa fedha. Na yule mwenye fedha, yaani mfuko wa bima, hayumo chumbani, yuko ofisini mwake akingojea karatasi ya madai mwishoni mwa mwezi. Katika watu watatu hao hakuna hata mmoja mwenye sababu ya kusema: basi, imetosha. Wala haihitajiki nia mbaya. Mtie tabibu mchamungu katika kiti hicho, mwenye kodi ya nyumba ya kulipa na wauguzi watatu wanaongojea mshahara, na polepole mkono wake utajifunza kuandika kipimo cha pili bila dhamiri yake kuambiwa.

Ndiyo maana Kampala nzima, ukiuliza mtu alikuwa akiumwa nini, hukujibu kwa pumzi moja: malaria na taifodi, kana kwamba magonjwa hayo ni mtu na mkewe. Kipimo cha taifodi kinachotumika sana katika kliniki zetu ndicho kile alichokibuni tabibu Mfaransa Fernand Widal mwaka 1896, na katika nchi ambayo ugonjwa huo umeenea, mtu aliyewahi kuupata zamani au aliyechanjwa aweza kuonekana anao ilhali hana. Kipimo kimoja peke yake si ushahidi wa kutosha. Waganga wengi wanalijua jambo hilo. Lakini kipimo kina bei yake, na jibu lake lina dawa, na dawa ina bei yake vile vile, ilhali kumwambia mama kwamba mtoto wake ana mafua, ampe maji na kumpumzisha, hakuna bei iliyoandikwa katika orodha yoyote. Tumejenga mizani inayopima kila kitu isipokuwa ukweli.

Majirani zetu wamelipa ada ya somo hili. Tanzania, ambako Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya una umri wa zaidi ya miaka ishirini, ilishuhudia Machi 2024 hospitali kadhaa kubwa za binafsi zikisitisha huduma kwa wanachama wa mfuko, kwa kuwa kitita kipya cha mafao kilikuwa kimebadili bei. Na huo ndio mwisho wa kawaida wa kulipa kwa kila kitendo, kwamba mfuko usipotaka kufilisika hauna budi kugombana na matabibu juu ya bei ya kila sindano, na mwenye kuumia ni mgonjwa aliyesimama mlangoni na kadi yake mkononi. Nchini Kenya Mamlaka ya Afya ya Jamii ilianza kutoa huduma tarehe 1 Oktoba 2024, ikikata asilimia 2.75 ya pato la mtu, na haukupita mwaka kabla Waziri wa Afya, Aden Duale, hajatangaza kuvisimamisha vituo kadhaa kwa tuhuma za ulaghai, na miongoni mwa hila zilizotajwa ni ile ya kumwandika mgonjwa wa nje kana kwamba amelazwa. Watu walishangaa. Kitu gani cha kushangaza? Ukitangaza kwamba kitanda kina malipo makubwa na benchi lina malipo madogo, utaona vitanda vikijaa.

Sasa, ili tuione maana ya kulipa kwa kichwa, msomaji apande nami hadi Rukungiri, katika hospitali ya Kisiizi ya Kanisa la Uganda. Watu wa milima ile wana vyama viitwavyo engozi, kwa jina la machela ambayo mgonjwa hubebwa juu yake mabegani mwa majirani hadi atakapopata matibabu. Mwaka 1996 hospitali iliamua kuwaingiza watu wa vyama hivyo, chama kwa chama na si mtu mmoja mmoja, katika mpango wa kulipa mchango kabla ya kuugua. Sisifu mchango, michango tunayo kila mahali. Ninalotaka lionekane ni kwamba katika Kisiizi mkusanya mchango na mtoa matibabu ni mmoja. Dripu isiyo na haja haitoki katika sanduku la mtu wa mbali, bali hutoka katika sanduku la hospitali yenyewe, na mtoto aliyepewa chandarua asiugue malaria ni faida ya hospitali, si mteja aliyepotea. Waheshimiwa wetu huruka kwenda Bangkok na London kujifunza bima, na huko kuna la kujifunza, kwani Waingereza waliwalipa matabibu wao kwa kichwa tangu sheria ya Lloyd George ya 1911, na Thailand ilifanya hivyo mwanzoni mwa karne hii. Lakini maana ya jambo ilikuwa nyumbani, juu ya machela.

Nitaambiwa kwamba anayelipwa kwa kichwa atawapuuza wagonjwa, kwa kuwa fedha amekwisha zipokea. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni kumpa mwananchi haki ya kuhama orodha, aondoke na fedha zake. Nitaambiwa pia kwamba Ghana ilijaribu njia hii katika mkoa wa Ashanti mwaka 2012 ikaiacha mwaka 2017. Iliianzisha katika mkoa mmoja tu, tena ngome ya upinzani wa wakati ule, watu wakaona wanaadhibiwa. Hilo ni kosa la siasa, halikuwa kosa la hesabu.

Lisilovumilika ni kauli ninayoisikia kwa watu wenye elimu zao, kwamba tuanze bima kwanza, na njia ya malipo tutaitengeneza baadaye. Baadaye lini? Zikishajengwa kliniki za ghorofa kwa fedha za vipimo, zikishanunuliwa mashine kwa mkopo wa benki unaongojea madai ya kila mwezi, ni waziri gani atakayesimama kuwaambia wenye kliniki hizo kwamba kuanzia kesho watalipwa kwa kichwa? Dar es Salaam bei tu iligeuzwa, na milango ikafungwa. Hapa tunaambiwa tuingie makusudi katika nyumba ambayo mwenzetu ametuonyesha moto wake, eti tutatafuta mlango wa kutokea tukiwa ndani.

Basi wewe usomaye, mbunge wako akija tena kukuuliza kama asilimia 4 ni nyingi au ni chache, usimjibu bado. Muulize kwanza tabibu wa mtaani kwako atalipwa kwa kukuweka mzima au kwa kukutundikia dripu. Akikwambia hilo litaamuliwa na bodi baadaye, mrudishe Bungeni akalete muswada mwingine.