Shule Nzuri Utaijuaje?

Mwezi huu tuzungumze juu ya shule ya msingi ya kijiji chako. Ni ile shule ambayo mtoto wako anakwenda kila asubuhi.

Nikikuuliza, "Je, shule yenu ni nzuri?" utanijibu nini? Hapa kwetu Kilimanjaro watu wengi hujibu upesi. Mmoja husema, "Ni nzuri, ni shule ya zamani." Wa pili husema, "Ni nzuri, ina bati jipya." Wa tatu husema, "Ni nzuri, mwaka jana ilifaulisha sana."

Majibu hayo yote yana ukweli kidogo. Lakini hakuna hata moja linalokuambia kama mtoto wako anajifunza.

MAMA NA GAZETI

Nitakueleza habari ya mama mmoja. Yeye huuza ndizi katika soko la Kiboriloni. Alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la kisomo. Mtoto wake wa kiume alikuwa darasa la tano. Mama aliisifu shule ya mtoto wake, kwa sababu kila mtu aliisifu.

Jioni moja alimwita mtoto. Akampa gazeti, akamwambia, "Nisomee hapa, mwanangu." Mtoto alitazama picha ya ng'ombe. Kisha akaanza kusema maneno upesi upesi, juu ya ng'ombe na maziwa. Mama alisikiliza. Halafu akaliangalia gazeti mwenyewe. Maneno yale hayakuwamo.

Mama aliniambia, "Miaka yote minne mtoto huyu alinisomea hivyo hivyo, nami nikafurahi. Kumbe alikuwa akitunga. Kama nisingejifunza kusoma, nisingejua hata leo."

Ndugu msomaji, mama huyu hakumpiga mtoto. Wala hakwenda shuleni kugombana. Nitakueleza baadaye alifanya nini. Kwanza tuyatazame yale majibu matatu.

JINA LA SHULE

Mlima wetu una shule za siku nyingi. Wamisheni wa Kiingereza walifika Old Moshi kwa Mangi Rindi mwaka 1885. Wakatoliki walifika Kilema, na mwaka 1893 Walutheri wa Leipzig wakaanza kazi Machame. Walifungua shule pamoja na makanisa. Baadaye kahawa ilisaidia sana. Wakulima walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikaja chama cha ushirika, KNCU. Wazee wetu wengi walilipiwa ada kwa fedha za kahawa.

Hiyo ni sifa kubwa. Lakini sifa hiyo ni kazi ya walimu wa jana na wazazi wa jana. Mtoto wako anafundishwa na walimu wa leo.

JENGO LA SHULE

Mwaka 1974, kule Musoma, chama cha TANU kiliamua kwamba kila mtoto aliyefikia umri wa shule aingie shule ifikapo Novemba 1977. Wananchi walijitolea. Walibeba mawe, mchanga na miti. Watoto wengi waliingia shule, wa tajiri na wa maskini. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini walimu na vitabu havikutosha.

Miaka ya 1980 wazazi walianza tena kulipa ada. Mwaka 2001 Serikali iliifuta ada ya shule za msingi. Mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM. Madarasa mengi mapya yalijengwa. Mwaka 2016 ulianza utaratibu wa elimu bila malipo, na watoto wakaongezeka tena.

Je, watoto walijifunza? Mwaka 2010 wapimaji wa mradi uitwao Uwezo walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya nyingi za Tanzania. Waliwapa watoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Waliona kwamba kati ya watoto watano waliomaliza darasa la saba, karibu mmoja hakuweza kuisoma hadithi hiyo ya Kiswahili. Watoto hao walikuwa wamekaa shuleni miaka saba.

Jengo ni la lazima. Linamkinga mtoto na mvua ya masika na baridi ya mwezi wa saba. Lakini jengo halifundishi kusoma.

MATOKEO YA MTIHANI

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Mtihani wa darasa la saba ni jambo kubwa. Lakini ukitazama hesabu yake nusu, utakosea. Tuchukue mfano wa shule mbili.

Shule ya kwanza iliandikisha watoto 50 darasa la kwanza. Waliofika kwenye mtihani ni 30. Waliofaulu ni 27. Shule inasema, "Tumefaulisha 90 kwa mia."

Shule ya pili nayo iliandikisha watoto 50. Waliofika kwenye mtihani ni 48. Waliofaulu ni 36. Shule inasema, "Tumefaulisha 75 kwa mia."

Ipi ni bora? Ukisikia 90 utakimbilia ya kwanza. Lakini hesabu tena kuanzia mwanzo. Katika watoto 50, ya kwanza ilifaulisha 27. Ya pili ilifaulisha 36. Na wale watoto 20 wa shule ya kwanza wako wapi? Wengine labda walihama na wazazi wao. Wengine labda walirudishwa darasa. Wengine labda waliacha. Lazima uulize.

Huu si mfano wa bure. Mwaka 2013, katika mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule zilianza kupangwa kwa namba na kwa rangi. Kijani ilikuwa nzuri, njano ya kati, nyekundu mbaya. Wataalamu walichunguza jambo hilo baadaye. Waliona kwamba shule zilizokuwa za mwisho katika wilaya zilipandisha matokeo. Lakini waliona pia kwamba watoto waliofanya mtihani katika shule hizo walipungua. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora.

Basi ukisikia, "Tumefaulisha," uliza, "Wangapi, kati ya wangapi walioanza?"

MAMBO MANNE YA KUTAZAMA

Sasa tuseme shule nzuri utaijuaje. Huhitaji cheti. Tazama mambo manne.

La kwanza, mtoto anasoma? Mtoto wa darasa la tatu anapaswa kusoma hadithi fupi ya Kiswahili na kuielewa. Mpe gazeti hili. Mpe ukurasa ambao hajauona. Ziba picha kwa mkono. Akimaliza, muulize, "Umesoma nini?" Kisha mpe hesabu ya sokoni. Mwambie, "Nimeuza ndizi za shilingi 3,500. Mteja amenipa shilingi 5,000. Nimrudishie ngapi?" Mtoto mmoja akishindwa, huenda ni yeye. Watoto kumi wa darasa moja wakishindwa, tatizo si la watoto.

La pili, daftari linasahihishwa? Fungua daftari la mtoto. Tazama tarehe. Je, aliandika kila siku ya shule, au kuna wiki nzima tupu? Tazama kalamu nyekundu ya mwalimu. Je, makosa yameonyeshwa? Je, mtoto aliyarudia akayasahihisha? Ukiona alama ya vema juu ya hesabu yenye makosa, jua kwamba kazi ile haikusomwa.

La tatu, mwalimu yuko darasani, na anafundisha wangapi? Mwongozo wa Serikali ni watoto 45 kwa darasa moja. Huko juu migombani, baadhi ya shule zimepungukiwa watoto, kwa sababu vijana wengi wamehamia mijini na tambarare. Huko chini tambarare, madarasa mengine yamejaa. Uliza pia, "Darasa la kwanza linafundishwa na nani?" Shule nyingine huweka walimu hodari wote darasa la saba, kwa ajili ya mtihani. Huko ni kutia samadi kwenye majani na kuusahau mzizi.

La nne, mtoto anatunzwa? Tazama vyoo. Mwongozo unasema tundu moja kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Je, kuna maji ya kunawa? Je, msichana mkubwa ana mahali pa faragha? Je, watoto wanapata uji au makande mchana? Mtoto mwenye njaa hasikii somo. Na mtoto anayemwogopa mwalimu haulizi swali.

USIENDE KUGOMBANA

Ukiona kasoro, fanya nini? Sasa turudi kwa yule mama.

Alikwenda shuleni asubuhi. Mwalimu wa darasa alikuwa kijana. Mwalimu akamwamkia, "Shikamoo, mama."

Mama akaitika, "Marahaba, mwalimu. Nimekuja tusaidiane. Mtoto wangu hajui kusoma, nami nimechelewa kujua."

Mwalimu akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mama, darasani nina watoto zaidi ya 70. Wasiojua kusoma hukaa kimya nyuma. Wewe ni mzazi wa kwanza mwaka huu kuja kuuliza."

Mwalimu naye aliuliza swali. Alifungua daftari la mahudhurio. Mtoto alikosa shule karibu kila siku ya soko. Mama aliinama. Siku hizo yeye mwenyewe ndiye aliyemwacha mtoto nyumbani akate majani ya ng'ombe.

Walipatana. Mama hatamzuia mtoto tena. Mwalimu atamsomesha pamoja na wenzake nusu saa baada ya masomo, mara tatu kwa wiki. Na kila jioni mtoto atamsomea mama ukurasa mmoja, mama akifuata maneno kwa kidole.

Mama hakuishia hapo. Katika mkutano wa wazazi alisimama akauliza, "Ni watoto wangapi wa darasa la tatu wanaojua kusoma?" Hakuna aliyeweza kujibu. Mkutano ulikuwa umeitwa kuzungumzia rangi ya ukuta. Siku ile ulizungumzia kusoma. Muhula uliofuata mwalimu mmoja hodari alihamishiwa darasa la kwanza.

Mtoto yule sasa anasoma polepole, lakini anasoma maneno yaliyopo. Mama anasema bado anasikitikia ile miaka minne.

Nawe fuata njia hiyo. Anza na mwalimu wa darasa. Kisha nenda kwa Mwalimu Mkuu. Kisha peleka neno kwenye Kamati ya Shule. Wazazi wana wajumbe wao mle. Kamati inapaswa kujua fedha zinazotumwa na Serikali kwa ajili ya shule, na zimetumikaje. Jambo likishindikana, mwone Afisa Elimu Kata. Tena wako Wathibiti Ubora wa Shule, ambao zamani tuliwaita wakaguzi. Wakifika shuleni kwenu, ombeni maoni yao yasomwe mbele ya wazazi.

Lakini kumbuka, mwalimu si adui. Walimu wengi hufanya kazi ngumu, mbali na kwao, bila nyumba ya kutosha. Mwalimu akifanya vizuri, mwambie asante mbele ya watu. Na kama umemtuma mtoto kwenye majani siku ya Jumanne, usimlaumu mwalimu siku ya Jumatano.

KAZI YA MWEZI HUU

Ndugu msomaji, zamani mzazi asiyejua kusoma aliletewa ripoti ya mtoto akaweka dole gumba. Hakujua imeandikwa nini. Wewe leo unasoma maneno haya mwenyewe. Basi daftari la mtoto wako liko wazi mbele yako, kama gazeti hili.

Usiku wa leo, baada ya chakula, mwite mtoto. Mpe ukurasa huu. Msikilize mpaka mwisho, bila kumtisha. Akisoma vizuri, mshukuru Mungu na mshukuru mwalimu. Akishindwa, usikate tamaa. Wewe ulianza kusoma ukiwa mtu mzima, na umeweza. Yeye bado ni mdogo.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu:

1. Shule yetu iliandikisha watoto wangapi darasa la kwanza miaka saba iliyopita? Wangapi walifika kwenye mtihani? Wengine wako wapi?

2. Watoto wangapi wa darasa la tatu wanaweza kusoma habari fupi ya gazeti hili?

3. Ni kazi gani za nyumbani zinazowazuia watoto wetu kwenda shule? Tutaziondoaje?

Tuonane mwezi ujao.